Ndege mbili zikishuka sambamba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa abiria, wa mzazi mwenye mtoto anayesomea mambo ya anga, na wa yeyote aliyewahi kukaa dirishani akaona ndege nyingine ikishuka ubavuni mwake. Majibu hayalingani urefu. Penye mengi ya kusema nimesema mengi.

Tulipokuwa tunatua niliona ndege nyingine pembeni yetu, karibu kiasi cha kusoma maandishi yake. Tulinusurika ajali?

Karibu kwa hakika, hapana. Mlikuwa mnatua kwenye uwanja wenye barabara mbili za kurukia ndege zinazokwenda sambamba, na ile ndege nyingine ilipangwa kuwa pale pale, dakika ile ile. Waongoza ndege waliwaleta pamoja makusudi. Angani hakuna mti wala nyumba ya kumsaidia mtu kupima umbali, kwa hiyo ndege kubwa iliyo mbali na yako kwa kilomita nzima huonekana kama unaweza kumpungia mkono rubani wake.

Viko viwanja ambako ukaribu huo ni wa kweli. San Francisco, Marekani, ina barabara mbili zinazotumika sana kutua, 28L na 28R, na kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine ni futi 750, yaani mita 229 hivi. Kwa miaka mingi, siku ya anga safi, ndege zilitua pale mbili mbili, na abiria wa huku waliwaona wa kule. Hata hapo mpango ulikuwepo, ila ulikuwa mpango unaotegemea macho ya marubani kuliko rada. Nitaurudia huko chini, kwa sababu ndiyo sehemu inayonitia wasiwasi zaidi katika jambo hili lote.

Barabara hizo hutofautishwaje, ikiwa zinaelekea upande mmoja?

Namba ya barabara hutokana na uelekeo wake wa dira ukigawanywa kwa kumi: inayoelekea digrii 280 hivi huitwa 28, na ukija kutoka upande wa pili huitwa 10. Zikiwa mbili sambamba zinapata namba moja, kwa hiyo huongezewa herufi: L ya kushoto, R ya kulia, na C ya katikati zikiwa tatu. Atlanta ina tano sambamba, herufi hazitoshi, ndiyo maana baadhi zimepewa namba ya jirani: 8L, 8R, 9L, 9R na 10, ingawa zote zinatazama mashariki.

Maana yake ni kwamba ndege mbili zinaweza kutenganishwa na neno moja tu redioni, "kulia" au "kushoto". Rubani analazimika kulirudia neno hilo kwa sauti anapopewa ruhusa ya kutua, na mwongoza ndege analazimika kusikiliza kama limerudiwa sawasawa. Nusu ya usalama wa kazi hii imo katika kusikiliza kule.

Barabara ziwe mbali kiasi gani ndipo ndege mbili ziruhusiwe kutua kwa wakati mmoja?

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, limeweka viwango. Ili ndege zishuke kila moja kwa uhuru wake, bila kujali nyingine iko wapi kwenye mstari wa jirani wa kushukia, nafasi kati ya barabara inatakiwa isipungue mita 1,035, na ikiwa hivyo lazima rada au mfumo wa kufuatilia uwe wa kiwango cha juu sana. Vifaa vikiwa vya kawaida, nafasi inayodaiwa ni kubwa zaidi. Kuanzia mita 915, ndege zinaweza kushuka kwenye mistari miwili, lakini kwa kupishana: ya kulia itangulie, ya kushoto ifuate, huku kukiwa na umbali wa mshazari unaolindwa, ambao kwa kiwango cha kawaida ni maili 2 za baharini, sawa na kilomita 3.7. Kuanzia mita 760 inaruhusiwa barabara moja iwe ya kutua tu na nyingine ya kuruka tu.

Sydney ina mita 1,037 kati ya barabara zake mbili sambamba, yaani imepita kiwango cha chini kwa mita mbili. Frankfurt ina barabara mbili za zamani zenye nafasi ya mita 518 tu, na hilo lilikuwa moja ya sababu za kujengwa nyingine upande wa kaskazini magharibi, iliyofunguliwa mwaka 2011. Dubai, ambako Waswahili wengi hupitia kwenda Guangzhou au Ulaya, barabara zake mbili zimeachana mita 385. Ndiyo maana pale huwezi kuona ndege mbili zikishuka kwenye mawingu bega kwa bega, kila moja na lake. Doha walipojenga uwanja mpya wa Hamad waliziachanisha kilomita mbili hivi, na kilomita hizo mbili ni uhuru mkubwa mno kwa waongoza ndege.

Heathrow, London, nafasi ipo lakini kwa kawaida huitumia kwa namna nyingine: barabara moja ya kutua, nyingine ya kuruka, na saa tisa alasiri hubadilishana ili wakazi wa chini ya njia wapate nafuu ya kelele.

Kwa nini ihitajike kilomita nzima? Mita mia tatu si zinatosha kabisa?

Hapa ndipo kiini kilipo, naomba tufanye hesabu kidogo.

Ndege ya abiria inayokaribia kutua huwa na mwendo wa kilomita 260 kwa saa hivi, sawa na mita 72 kwa sekunde. Tuseme ndege ya kushoto imekosea. Labda rubani ameweka masafa yasiyo sahihi kwenye chombo chake cha kuongozea kutua, labda otopailoti, mtambo unaoiendesha ndege yenyewe, haikushika mstari, labda amedhani barabara ya kulia ndiyo yake. Ndege inakata kwenda kulia kwa pembe ya digrii 30. Kwa pembe hiyo inasogea upande wa jirani yake mita 36 kila sekunde.

Kama mistari imeachana mita 1,035, itachukua sekunde 29 hivi kufika ilipo ndege ya pili. Ndani ya sekunde hizo mtu lazima aone kwenye skrini kwamba kuna kosa, aamini anachokiona, abonyeze redio, aseme, asikike. Rubani wa ndege ya pili aelewe, aondoe otopailoti, ageuze, na ndege yenyewe, ambayo ni tani nyingi za chuma zinazokwenda taratibu na magurudumu yakiwa nje, iitikie. Rada ya kawaida ya uwanjani huzunguka na kurudi pale pale baada ya sekunde tano hivi. Sekunde tano za kwanza huenda zikapita kabla skrini haijaonyesha chochote. Mzunguko wa pili ndio humhakikishia mtu kwamba hajaota. Sekunde kumi zimekwisha.

Sasa fanya hesabu hiyo kwa mita 300. Unapata sekunde nane.

Kwa hiyo kila ukisikia kiwango cha umbali kati ya barabara, kitafsiri kichwani mwako kuwa muda. Wataalamu walioweka viwango hivi hawakuwa na hofu ya ndege zinazofuata mstari wake, kwa sababu hizo zingepita salama hata kwenye nafasi ndogo. Walikuwa wanajiuliza: siku kosa litakapotokea, binadamu wawili watabaki na sekunde ngapi za kulirekebisha? Ndiyo maana pia palipo na barabara za karibu karibu zilibuniwa rada zenye kuonyesha picha mpya kila sekunde moja badala ya tano. Hazikuongeza hata mita moja ya ardhi, lakini zilirudisha sekunde.

Katikati ya mistari hiyo miwili kuna nini?

Kuna ukanda uliokatazwa, wenye upana usiopungua mita 610. Haumo angani kwa macho. Umechorwa kwenye skrini ya mwongoza ndege, na hakuna ndege inayotakiwa kuukanyaga. Kwenye mistari iliyoachana mita 1,035, ukiondoa ukanda huo, kila ndege inabaki na mita 212 hivi za kuyumba upande wa jirani. Kwa mfano wetu wa juu, ndege iliyopotea inaingia ukandani baada ya sekunde sita. Mifumo ya kisasa haingoji iingie: inakadiria mwelekeo na kutoa tahadhari kabla, rangi ya alama ikibadilika.

Nani anaangalia skrini hiyo?

Mtu ambaye hana kazi nyingine. Hili watu wengi hawalijui, na naliona ndilo jambo zuri kuliko yote katika utaratibu huu. Mwongoza ndege wa kwanza huzipanga ndege na kuzileta kwenye mstari. Wa pili, aliye mnarani, hutoa ruhusa ya kutua. Mbali na hao, ndege zinaposhuka kwa uhuru kwenye mawingu, kila mstari huwekewa mfuatiliaji wake, anayekaa akitazama alama za ndege zikishuka, mstari mmoja tu, hadi zitue. Redio yake imefungwa kwa namna ambayo akibonyeza, sauti yake hupita juu ya ya mnara. Zamu nzima inaweza kuisha bila yeye kusema neno.

Kuna ulinzi mwingine unaotangulia huo. Ndege zikiwa bado zinageuka kuingia kwenye mistari yake, ndipo hatari ya kupitiliza huwa kubwa, kwa hiyo haziruhusiwi kuwa kimo kimoja. Zinatenganishwa futi 1,000 kwenda juu au maili 3 za baharini kwa ubavu, mpaka zote mbili ziwe zimeshika mistari. Na pembe ya kuingilia mstari haitakiwi kuzidi digrii 30. Hesabu yetu ya juu ilitumia digrii 30 kwa sababu hiyo hiyo: ndivyo ndege iliyopitiliza inavyoweza kumwendea jirani.

Mfuatiliaji akiona ndege imeingia ukandani anafanya nini?

Kwanza anamwambia aliyepotea arudi kwenye mstari wake. Asipoitikia, au muda ukiwa mfupi, anamhamisha asiye na kosa. Wengi hushangaa kusikia hivyo. Lakini fikiria: aliyepotea pengine hasikii, au amepotea kwa sababu chombo chake kina hitilafu, au yuko katikati ya taharuki. Anayeweza kutegemewa kugeuka sasa hivi ni yule mwingine, aliyekuwa anashuka kwa utulivu. Anaambiwa ageuke na apande au ashuke kimo fulani, mara moja. Marubani wanaotua kwa utaratibu huu hufundishwa kuigeuza ndege kwa mkono, bila kuiachia otopailoti, kwa sababu otopailoti hugeuka kwa upole na upole hugharimu sekunde.

Si kuna TCAS ndani ya ndege? Kwa nini isitosheke hiyo?

TCAS, chombo cha kuzuia ndege kugongana, ni kizuri na kimeokoa maisha ya wengi. Husikiliza transponda, yaani redio zinazotangaza ndege ilipo, za ndege za karibu na kumwambia rubani apande au ashuke. Lakini kwanza, amri zake ni za juu na chini tu, haimwambii mtu ageuke. Pili, karibu na ardhi, chini ya futi 1,000 hivi, huacha kutoa amri, maana kumwamuru rubani ashuke akiwa karibu hivyo na ardhi ni kumwua. Tatu, ndege ndogo nyingi hazina chombo hicho kabisa.

Jambo moja la lazima: amri ya TCAS ikipingana na ya mwongoza ndege, rubani hufuata TCAS. Msimamo huo ulikaziwa kote duniani baada ya ndege mbili kugongana angani Überlingen, mpakani mwa Ujerumani na Uswisi, usiku wa tarehe 1 Julai 2002. Rubani mmoja alitii sauti ya ardhini ikimwambia ashuke ilhali chombo kilimwambia apande. Watu 71 walikufa. Ndege zile hazikuwa zinatua, lakini funzo lake linafanya kazi kila mahali.

Kumewahi kutokea kugongana kwa ndege zilizokuwa zinatua sambamba?

Ndiyo, na kisa cha kujifunza kuliko vyote kilitokea Centennial, uwanja ulio kusini mwa jiji la Denver, asubuhi ya tarehe 12 Mei 2021. Barabara zake 17L na 17R zimekaribiana, mita mia mbili na kitu. Metroliner ya mizigo, ikiwa na rubani peke yake, ilikuwa inakuja moja kwa moja kutua 17L. Cirrus SR22, ndege ndogo yenye watu wawili, ilikuwa inazunguka upande wa magharibi ili igeuke kutua 17R. Anga ilikuwa nyeupe, mchana kweupe.

Cirrus iligeuka ikiwa na kasi kubwa kuliko inavyopendekezwa. Ndege ikiwa na kasi, duara lake la kugeuka huwa pana. Ikapitiliza mstari wake, ikaingia kwenye mstari wa jirani, ikaipiga Metroliner mgongoni. Paa la Metroliner upande wa nyuma lilichanika vibaya, lakini rubani wake, asiyeweza kuona nyuma, alidhani injini ya kulia imezimika, akawaambia hivyo waongoza ndege, akaendelea na kutua salama. Rubani wa Cirrus alivuta parachuti la ndege nzima, ikateremka taratibu hadi uwanda wa wazi. Hakuna aliyeumia hata mmoja. Mtu akitazama picha za ile Metroliner lazima amshukuru Mungu.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji ya Marekani, NTSB, ilisema chanzo ni rubani wa Cirrus kushindwa kushika mstari wa barabara aliyopewa, na kasi yake ikachangia. Ila ilitaja jingine: rubani wa Metroliner hakuambiwa kwamba kuna Cirrus inayogeuka kumwelekea. Rubani wa Cirrus aliambiwa habari za Metroliner na akajibu kwamba ameiona. Uwanja ulikuwa na waongoza ndege wawili, kila mmoja na barabara yake na masafa yake ya redio. Kwa hiyo marubani hawa wawili hawakuweza hata kusikiana. Mmoja alijua nusu ya habari, mwenzake hakujua chochote.

Mimi naona uzito wa kisa hiki uko hapo. Kugawa masafa ni jambo la maana pale kazi inapozidi, lakini kunaua sikio la tatu, lile la rubani anayesikiliza wenzake na kujichorea picha kichwani. Ukiliua, lazima mtu alipe deni hilo kwa kusema yeye, kwa pande zote mbili.

Na kile kisa cha San Francisco cha ndege iliyotaka kutua juu ya nyingine?

Kilitokea tarehe 7 Julai 2017, dakika chache kabla ya saa sita usiku. Ndege ya Air Canada namba 759, Airbus A320 kutoka Toronto yenye watu 140, iliruhusiwa kutua 28R. Usiku huo barabara ya kushoto, 28L, ilikuwa imefungwa kwa matengenezo na taa zake zimezimwa. Taarifa ilikuwepo kwenye makaratasi ya marubani, imezama katikati ya taarifa nyingine chungu nzima.

Walipotazama mbele waliona kile walichozoea kuona San Francisco, mistari miwili ya taa. Wakachukua wa kulia. Kumbe wa kushoto ndio uliokuwa 28R, na wa kulia ulikuwa barabara ya kiungio C, ya ndege kutembelea ardhini tu, ambako ndege nne zilizojaa abiria na mafuta zilikuwa zimepanga foleni zikingoja kuruka. Rubani mmoja wa Air Canada aliona taa asizozielewa, akauliza mnarani kama kuna kitu barabarani. Mwongoza ndege alitazama 28R, ikawa tupu, akajibu kwamba hakuna kitu. Alijibu kweli kabisa, kuhusu barabara nyingine.

Wa kwanza kupaza sauti walikuwa marubani wa ndege ya shirika la United waliokuwa mbele ya foleni: wakasema redioni kwamba ndege ile iko kwenye kiungio. Wale wa Philippine Airlines waliofuata waliwasha taa zao kubwa ili waonekane. Marubani wa Air Canada walianza kughairi kutua karibu wakati huo huo, kabla amri ya mnara haijawafikia. Kimo cha chini kabisa walichofika kilikuwa kama futi 60, mita 18 tu, wakipita juu ya ndege za wenzao. Watu wapatao elfu moja walikuwa ndani ya ndege hizo tano.

Uchunguzi ulikuta mambo mengi yamekutana. Marubani hawakuweka masafa ya ILS, chombo ambacho kingewaonyesha kwamba wako nje ya mstari. Walikuwa wamechoka: kwa saa za Toronto ilikuwa kama saa tisa usiku. Mnarani alikuwepo mtu mmoja tu aliyefanya kazi ya wawili, ya ndege zinazotua na ya zinazotembea ardhini. Na mfumo wa rada ya uwanjani haukuwa umeundwa kutoa tahadhari pale ndege inapolenga kiungio badala ya barabara. Robert Sumwalt, aliyekuwa mwenyekiti wa NTSB, alizishambulia hadharani zile taarifa ndefu za marubani kwa kuwazika na mambo yasiyo na maana.

Baadaye San Francisco ilizuia kutua kwa macho kwenye 28R nyakati za usiku wakati 28L imefungwa, na mfumo wa rada za ardhini uliongezewa uwezo wa kutabiri ndege inayoelekea kwenye kiungio.

"Kutua kwa macho" maana yake nini? Nilidhani kila ndege inaongozwa.

Inaongozwa, ila anga ikiwa safi mwongoza ndege anaweza kumwuliza rubani: unaiona ile ya pembeni yako? Akisema ndiyo, jukumu la kutoigonga linahamia kwake. Kwa njia hii viwanja vyenye barabara zilizobanana hupokea ndege nyingi. San Francisco ilipopata ukungu na ruhusa hiyo ikaondoka, ndege zinazotua ziliweza kupungua kutoka kama 60 kwa saa hadi 30.

Marekani huutumia utaratibu huu sana, hata usiku. Wengine hawaukubali. Mwezi Oktoba 2023 ndege ya Lufthansa kutoka Munich ilifika San Francisco usiku, rubani akaeleza kwamba kampuni yake haimruhusu kujitenganisha kwa macho gizani, akaomba ILS. Akawekwa azunguke, akangoja, mwisho akaelekea Oakland. Mtandaoni wengi walimcheka. Mimi niko upande wake. Jicho la usiku huona taa, na taa haikwambii iko mbali kiasi gani wala ni ya nani. Tarehe 29 Januari 2025 huko Washington, helikopta ya jeshi iliyosema inaiona ndege na kuomba kujitenganisha nayo kwa macho iligongana na ndege ya abiria iliyokuwa inatua. Watu 67 walikufa. Hapo hapakuwa na suala la barabara sambamba, lakini ruhusa iliyotumika ilikuwa ya aina hiyo hiyo.

Upepo unaoachwa na ndege kubwa hauwezi kuiangusha ya jirani?

Unaweza kuitikisa vibaya, hasa ikiwa ndogo. Mabawa huacha nyuma yake hewa inayojisokota, na upepo wa pembeni huisukuma hadi mstari wa jirani. Kwa hiyo barabara zilizoachana chini ya mita 760 huhesabiwa kama barabara moja kwa jambo hili: ndege nyepesi inayofuata nyuma ya nzito huachiwa umbali ule ule hata kama inatua upande wa pili.

Afrika Mashariki tuna barabara sambamba?

Kwenye viwanja vyetu vikubwa, hapana. Jomo Kenyatta ina barabara moja, 06/24, yenye urefu wa zaidi ya kilomita nne, na habari za kujenga ya pili zimezungumzwa kwa miaka mingi. Julius Nyerere na Entebbe zina mbili mbili, lakini kila moja ina mwelekeo wake. Kilimanjaro na Kigali ni moja moja. Ukitaka za sambamba kwa jirani, nenda Addis Ababa au Johannesburg.

Hatari ya kugongana, hata hivyo, haingoji barabara mbili. Tarehe 5 Machi 2024 Cessna 172 ya mafunzo na Dash 8 ya abiria ziligongana muda mfupi baada ya kutoka Wilson, Nairobi. Waliokuwa kwenye Cessna, wawili, walifariki; Dash 8 ilirudi ikatua. Uwanja wenye ndege za mafunzo, za watalii na za abiria zikitumia anga moja unahitaji umakini ule ule niliousimulia, na waongoza ndege wa kutosha kwenye zamu.

Ndege yetu ilikuwa karibu kugusa chini, ghafla ikapaa tena. Kuna kitu kilichofichwa?

Hapana. Kughairi kutua ni jambo la kawaida ambalo marubani hulifanyia mazoezi kila mara. Sababu huwa ndogo: ndege iliyotangulia imechelewa kutoka barabarani, upepo umegeuka, rubani hakupenda alivyokaa. Kwenye barabara sambamba hata njia ya kupaa imepangwa mapema: mistari ya kughairi ya ndege mbili lazima iachane kwa digrii 30 au zaidi, ili zikighairi pamoja zisikutane mbele. Rubani aliyeghairi akikutangazia ndani ya ndege, msikilize, funga mkanda, na usimlalamikie kwa kuchelewa.

Binti yangu anataka kuwa mwongoza ndege. Aanzie wapi?

Hisabati, fizikia na jiografia ya shuleni, na Kiingereza cha kuzungumza, kwa sababu ICAO inataka waongoza ndege na marubani wa safari za kimataifa wafikie angalau kiwango cha nne kati ya sita. Kenya kuna East African School of Aviation, Nairobi. Tanzania kuna chuo cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, Dar es Salaam. Atapimwa afya, macho na masikio. Akishapita darasani atakaa muda mrefu na mkufunzi ubavuni mwake kabla ya kuachiwa masafa ya redio peke yake, na kila kituo kipya atakachohamia atafunzwa na kupimwa upya, hata akiwa na miaka ishirini kazini.